Spishi, Utanzu na Jina: Hoja ya Kindege wa Nkungwe katika Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kusini mwa Ujiji, mahali ilipokomea njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora, ipo milima ya Mahale kandokando ya Ziwa Tanganyika. Kilele chake kirefu kuliko vyote ni Nkungwe, chenye urefu wa meta 2,462. Katika misitu na mianzi ya milima hiyo huishi kindege mwimbaji ambaye watu wachache mno wamepata kumwona. Mgongo wake ni wa kijivu, tumbo lake ni jeupe, na mkia wake mrefu una manyoya meupe pembeni. Hutafuta wadudu katika majani ya juu ya miti, na aghalabu husikika kabla ya kuonekana. Mwaka 1941 Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alimpa jina la kisayansi: Apalis argentea. Neno argentea ni la Kilatini, na maana yake ni "-a fedha". Katika Kiingereza kindege huyu hutajwa kwa jina la mlima wake, ambalo huandikwa Kungwe.

Tangu wakati huo wataalamu hawajaafikiana juu ya jambo moja. Je, kindege huyu ni spishi kamili, au ni sehemu tu ya Apalis rufogularis, spishi iliyoenea katika misitu ya Afrika kuanzia magharibi mwa bara hadi Kenya magharibi? Wapo waliowatenga, na wapo waliowaunganisha. Jambo hilo ni la wanabiolojia, na makala haya hayakusudii kuwaamulia. Hata hivyo, swali lenyewe lina upande wa lugha ambao wataalamu wa Kiswahili wameuacha bila kuushughulikia, kana kwamba hauwahusu.

Dai la makala haya ni kwamba kila kundi la ndege linalotambulika kwa umbo, kwa sauti au kwa makao yake lastahili jina la Kiswahili, na kwamba jina hilo lisitegemee daraja ambalo kundi hilo limepewa katika uainishaji. Daraja linaweza kupandishwa na kushushwa. Jina halina budi kubaki. Ili kulithibitisha dai hilo, makala yanaanza kwa kuwatazama ndege watatu wa njia ya misafara, kisha yanalinganisha uainishaji wa ndege na uainishaji wa lugha, na mwishowe yanapendekeza kanuni za kutolea majina.

2.0 Ndege Watatu wa Njia Moja

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 iliondoka pwani, ikaipita milima ya Uluguru, ikapanda Rubeho, ikakata nchi kavu ya Ugogo na kuingia Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Kutoka hapo tawi moja lilielekea magharibi hadi Ujiji. Ndiyo njia waliyoifuata Burton na Speke mwaka 1857, na ndiyo iliyokieneza Kiswahili bara kwa vinywa vya wafanyabiashara na wapagazi, hasa Wanyamwezi. Katika mwanzo, katikati na mwisho wa njia hiyo wapo ndege watatu wadogo ambao uainishaji wao una utata unaofanana.

Wa kwanza ni ndege wa Uluguru aliyeelezwa na Moreau mwaka 1938. Moreau alimpa jina la mkewe, Winifred, akamweka katika jenasi Artisornis. Mwaka 1941 wataalamu Grant na Mackworth-Praed walimtoa humo, wakamwundia jenasi mpya, Scepomycter. Ndege huyu hukaa chini kabisa ya msitu, ndani ya vichaka vizito, na ni mgumu sana kuonekana. Mwaka 2009 Bowie, Fjeldså na Kiure walichunguza vinasaba, wakaeleza kwamba kundi la milima ya Rubeho ni spishi nyingine, Scepomycter rubehoensis. Baadhi ya orodha hazikuukubali mgawanyo huo. Basi ndege aliyeishi miaka yote juu ya njia iliyopitwa na maelfu ya watu hakutenganishwa na mwenzake hadi karne ya 21, na hata leo kutenganishwa kwake kunabishaniwa.

Wa pili ni wa Tabora. Katika miaka ya mwanzo ya 1880 mtaalamu wa Kijerumani Richard Böhm alikusanya ndege katika vituo vya Kakoma na Gonda, kusini mwa Tabora, kabla ya kufariki mwaka 1884. Jina lake limebaki katika ndege kadhaa, mmojawapo akiwa Merops boehmi, aliyepewa jina hilo na Anton Reichenow wa Berlin mwaka 1882. Reichenow huyohuyo alimweleza mwaka 1891 ndege mdogo wa miombo kutoka Gonda, akamwita Cisticola angusticauda, yaani "mwenye mkia mwembamba". Huyu si ndege wa mlimani, wala si adimu kama wale wengine wawili. Lakini naye amewahi kuunganishwa na Cisticola fulvicapilla, spishi iliyoenea kusini na katikati ya Afrika, na kuhesabiwa kuwa sehemu yake tu.

Wa tatu ndiye wa Nkungwe, na yeye ana utata wa ziada. Mwaka 1942 Peters na Loveridge walilieleza kundi jingine linalofanana naye, nalo likapewa jina la eidos. Kundi hilo hupatikana Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, pamoja na kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Kwa hiyo hata wanaomkubali argentea kuwa spishi hawana budi kuamua kama eidos yumo ndani yake.

Ndege hawa watatu leo huwekwa katika familia moja, Cisticolidae. Zamani wote walihesabiwa katika Sylviidae, familia iliyokuwa kama ghala la kila kindege mdogo, mla wadudu, asiye na rangi za kuvutia. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa tangu miaka ya 1980 ndio ulioivunja familia hiyo. Kwa maneno mengine, kutoka juu ya familia hadi chini ya spishi hakuna ngazi hata moja ambayo haikusogezwa katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

3.0 Spishi na Lugha, Utanzu na Lahaja

Mwanaisimu anayesoma mabishano haya hujikuta yumo nyumbani mwake. Swali la spishi na sehemu za spishi ni ndugu wa swali la lugha na lahaja, na mfano wake uko Tabora kwenyewe. Katika uainishaji wa Guthrie, Kisukuma ni F21 na Kinyamwezi ni F22: lugha mbili zenye namba mbili. Hata hivyo, wako wanaisimu wanaoziona kuwa ni lahaja za lugha moja, kwa sababu msemaji akitoka kaskazini kwenda kusini haoni mahali ambapo maelewano hukatika ghafla. Kandokando ya Ziwa Tanganyika Kitongwe ni F11 na Kibende ni F12, na swali ni lilelile. Katika Kiswahili chenyewe, Kingazija na wenzake wa visiwa vya Komoro waliwahi kuhesabiwa kuwa lahaja za Kiswahili, lakini katika kazi ya Nurse na Hinnebusch ya mwaka 1993 Kikomoro kinasimama kama lugha kamili ndani ya kundi la Sabaki.

Vigezo navyo vinafanana. Mwanaisimu huuliza kama wasemaji wanaelewana; mwanabiolojia aliyemfuata Ernst Mayr, ambaye fasili yake ya spishi ilitoka mwaka 1942, huuliza kama makundi mawili yanazaliana. Panapo mkanda wa lahaja zinazoingiliana, maelewano hupungua hatua kwa hatua. Panapo makundi mawili ya ndege yanayokutana, huzaliwa machotara, na mpaka hufifia.

Ugumu mkubwa zaidi hutokea makundi yasipokutana kabisa. Ndege wa Nkungwe yuko kwenye mlima wake, na ndugu yake wa Kongo yuko kwenye msitu wake. Kati yao pana ziwa, mabonde na miombo. Hakuna atakayeona kama wangezaliana, kwa kuwa hawafikiani. Hapo mtaalamu hulazimika kupima kwa mbali: hulinganisha rangi, vipimo vya mbawa na mkia, vinasaba, na hasa sauti. Huwapigia ndege wa mlima mmoja sauti iliyorekodiwa katika mlima mwingine, akatazama kama wataitikia au watainyamazia. Jaribio hilo halina tofauti kubwa na lile la mwanaisimu anayemsikilizisha msemaji wa lahaja moja kanda ya lahaja nyingine.

Ulinganisho huu una mipaka yake, na ni wajibu kuitaja. Wasemaji wa lugha wana kauli juu ya lugha yao. Msukuma anaweza kusema kwamba yeye si Mnyamwezi, na mwanaisimu hana haki ya kuipuuza kauli hiyo hata kama isimu haiiungi mkono. Ndege hana kauli. Hawezi kudai kutengwa, wala hawezi kukataa kuunganishwa. Kwa hiyo dhamana yote humwangukia mwainishaji, na anayetoa jina hushiriki dhamana hiyo.

Pamoja na mpaka huo, isimu ina funzo moja ambalo elimu ya ndege ingefaidika nalo. Kimvita kinaitwa Kimvita iwe ni lahaja au ni lugha. Kingazija hakikubadilishwa jina kilipopandishwa, wala Kinyamwezi hakingepotea jina kama kesho kingetangazwa kuwa lahaja moja na Kisukuma. Wenye lugha walitoa majina kabla ya wanaisimu kutoa madaraja, na majina hayo hayakungoja ruhusa ya madaraja. Kwa kindege wa Nkungwe mambo yako kinyume: jina lake la kawaida katika vitabu limefungwa kwenye daraja lake, na daraja likianguka jina nalo huwa hatarini.

4.0 Gharama ya Daraja

Huenda msomaji akauliza kuna hasara gani ikiwa kindege mmoja atahesabiwa kuwa sehemu ya mwingine. Hasara ipo, nayo si ya vitabuni tu. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa upande wa ndege, hupima hali ya spishi. Haitoi hukumu ya pekee kwa kila sehemu ya spishi. Argentea akiwa spishi, hupimwa kwa milima na misitu michache anamoishi, na uchache wa makao yake huonekana mara moja. Akiunganishwa na rufogularis, hupimwa pamoja na ndege aliyeenea nusu ya bara, na hapo uchache wake humezwa na wingi wa mwenzake. Msitu ni uleule na ndege ni yuleyule. Kilichobadilika ni mstari mmoja katika orodha.

Sehemu ya makao ya kindege huyu imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985 na kujulikana zaidi kwa sokwe wake, ambao watafiti wa Kijapani wamewachunguza tangu miaka ya 1960. Lakini misitu ya magharibi ya Tanzania haikuishia kwenye mpaka wa hifadhi. Iliyo nje hukatwa kwa mashamba na mbao, na ulinzi wake hutegemea zaidi uamuzi wa vijiji na wilaya kuliko wa wanasayansi. Katika vikao vya namna hiyo lugha ni Kiswahili. Mjumbe wa kamati ya kijiji anayetakiwa kuhifadhi kipande cha msitu kwa ajili ya kiumbe asiye na jina katika lugha ya kikao anaombwa kuhifadhi kitu asichoweza kukitaja, kukiandika katika muhtasari, wala kumsimulia mwenzake. Haifai kumlaumu akikisahau.

Hapa pana tatizo la istilahi linalostahili kutajwa waziwazi. Ngazi iliyo chini ya spishi imezoea kuitwa "nususpishi". Istilahi hiyo ni tafsiri ya kiambishi cha Kilatini kinachomaanisha "chini ya", lakini "nusu" ya Kiswahili haina maana hiyo. Nusu ni kipande kati ya viwili vilivyo sawa, na kwa matumizi ya kawaida ni kitu kisichokamilika. Anayesikia kwamba ndege wa mlima wake ni nususpishi huelewa kwamba ni kiumbe pungufu, na kwamba kuna nusu nyingine mahali pengine inayoweza kushika nafasi yake. Yote mawili si kweli. Spishi moja inaweza kuwa na sehemu tano au kumi, na kila moja ni kamili kwa namna yake. Makala haya yanapendekeza "utanzu wa spishi", wingi "tanzu za spishi". Utanzu ni tawi dogo lililo hai na lililoshikamana na shina; ukikatwa, shina hubaki lakini utanzu ule haurudi. Neno hilo limekwisha kuzoeleka katika uhakiki wa fasihi, na halibebi dokezo la upungufu.

5.0 Funzo la Kilatini na Onyo la Kiingereza

Inapodaiwa kwamba majina ya Kilatini yanatosha, ni vizuri kutazama yanavyofanya kazi. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zina busara ambayo aghalabu haitajwi. Ndege wa Uluguru alipohamishwa kutoka Artisornis kwenda Scepomycter, jenasi ilibadilika lakini winifredae likabaki. Argentea akishushwa, hataitwa rufogularis tu; ataitwa Apalis rufogularis argentea, na jina alilopewa mwaka 1941 litaendelea kuwa lake, likiwa la tatu badala ya la pili. Kilatini, basi, hushusha daraja bila kufuta jina. Wakimpandisha tena, jina lipo linamngoja.

Majina ya kawaida ya Kiingereza hayana ulinzi huo. Ndege akiunganishwa na mwingine, jina lake la Kiingereza hutoweka katika orodha na miongozo, kwa kuwa miongozo mingi huzipa majina spishi peke yake. Hata pasipo kuunganishwa, majina hubadilishwa. Ndege wa Gonda ameitwa kwa Kiingereza kwa jina la Tabora katika vitabu vingine, na kwa mkia wake mrefu au mwembamba katika vingine. Mji uliomtoa huonekana na kufichika kwa kadiri ya chaguo la mwandishi.

Kiswahili kikitafsiri majina ya Kiingereza, kitarithi udhaifu huu pamoja na tafsiri. Kikifuata desturi ya Kilatini, yaani jina kwa kila kundi, lenye kudumu katika daraja lolote, kitakuwa kimechagua njia iliyo bora na inayolingana na desturi yake chenyewe ya kutaja lahaja.

6.0 Kanuni za Kutolea Majina

Ikiwa majina yanahitajika, yatoke wapi? Makala haya yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, majina ya mahali yaandikwe kama wenyeji wanavyoyatamka. Mlima unaitwa Nkungwe. Maandishi ya kigeni yameondoa nazali ya mwanzo yakabaki na Kungwe. Kituo alichokaa Böhm kiliitwa Igonda. Wajerumani mara nyingi waliandika Gonda. Katika mifano yote miwili kilichodondoshwa ni kiambishi cha ngeli, sehemu ambayo mgeni huiona kuwa mzigo, na Mbantu huiona kuwa mwili wa neno. Mahale nayo imeandikwa Mahari katika maandishi ya zamani, kwa ubadilishanaji wa l na r ulio wa kawaida katika lugha zetu. Hakuna sababu ya jina la Kiswahili kuyarithi makosa ya sikio la mgeni. Tuseme ndege wa Nkungwe na ndege wa Igonda.

Pili, wenyeji waulizwe kwanza. Watongwe wameishi katika milima hiyo muda mrefu kabla ya mkusanyaji yeyote kufika, na Wanyamwezi wamewinda, wamerina asali na kusafiri katika miombo ya Tabora kwa vizazi vingi. Utafiti wa majina ya ndege katika Kitongwe, Kibende na Kinyamwezi ni kazi inayomfaa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nayo haihitaji fedha nyingi. Haifai, hata hivyo, kutazamia kwamba kila spishi itakutwa na jina lake. Lugha nyingi huwakusanya ndege wadogo wa rangi hafifu chini ya jina moja. Huo si ujinga, bali ni uainishaji wa ngazi nyingine. Kiswahili hufanya vivyo hivyo: "chozi" ni jina la ndege wengi wanaofyonza maua, na "mbayuwayu" hujumlisha wengi warukao wakikamata wadudu hewani. Jina la namna hiyo linafaa kuwa la jenasi au la familia, nalo huongezewa kivumishi ili kupata spishi, na kivumishi cha pili ili kupata utanzu. Ndivyo mfumo wa Kilatini ulivyojengwa, na sarufi ya Kiswahili inauruhusu bila taabu.

Tatu, sauti ipewe nafasi yake. Jenasi Cisticola ni mfano bora kwa mwanaisimu. Ndege wake wanafanana mno, hata Hubert Lynes, aliyeandika kitabu kikubwa juu yao mwaka 1930, alitilia mkazo sauti na mwenendo kuliko manyoya peke yake. Ndiyo maana majina yao mengi ya Kiingereza ni ya sauti: mmoja hupiga mluzi, mwingine huomboleza, mwingine hukoroma, mwingine hutatarika. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa tanakali za sauti, na yaelekea kiliutumia zamani kutaja ndege: dudumizi, hondohondo na kwarara ni majina yanayosikika kama wenyewe wanaotajwa. Njia hiyo ya kuunda maneno imeachwa katika kazi za istilahi, kana kwamba si ya kitaalamu. Kwa ndege wanaojificha, ambao hutambulika kwa sikio kabla ya jicho, ndiyo ya kitaalamu kuliko zote.

Nne, jina lisifungwe kwenye heshima ya mtu mmoja. Winifred na Böhm wamekwisha kuwekwa katika Kilatini, na huko wabaki. Lakini mkusanyaji wa zama hizo alitegemea wapagazi, wawindaji na wachunaji ngozi Waafrika, ambao wengi wao hawakutajwa katika majina ya viumbe waliowaleta. Jina la Kiswahili la mahali, la sauti au la umbo huepuka kuirudia dhuluma hiyo.

Kwa kufuata kanuni hizi, na hadi utafiti wa Kitongwe utakapotoa jina bora, kindege wa mfano wetu angeweza kuitwa "kindege-fedha wa Nkungwe". Sehemu ya kwanza inachukua maana ya argentea, na ya pili inataja makao yake kwa matamshi ya wenyeji. Kundi la eidos nalo lingekuwa "kindege-fedha wa Idjwi". Wakihukumiwa kuwa spishi mbili, majina yatafaa. Wakihukumiwa kuwa tanzu mbili za spishi moja, yatafaa vilevile. Na wakiunganishwa wote na rufogularis, hapatakuwa na sababu ya kuyafuta.

7.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba jamii hutoa jina inapolihitaji, na kwamba jina lililoundwa chuoni hufia kamusini. Pingamizi hili ni zito, kwa kuwa istilahi nyingi zimekufa hivyo. Lakini haja ya kuwataja ndege hawa imekwisha kuwapo: iko katika hifadhi, katika vyuo vya waongoza watalii, katika vitabu vya shule na katika kamati za misitu za vijiji. Kinachokosekana ni jina la kuikidhi, na pengo hilo kwa sasa linajazwa na Kiingereza.

Pingamizi la pili ni kwamba majina mengi mno yatamchosha mtumiaji. Si lazima mtu wa kawaida ayajue yote. Hakuna anayejua majina ya lahaja zote za Kiswahili, lakini kila lahaja inalo lake, na anayelihitaji hulikuta.

Pingamizi la tatu ni kwamba kazi hii ni ya wanabiolojia. Kwa hakika haiwezi kufanywa bila wao. Hata hivyo, historia ya istilahi za sayansi katika Kiswahili inaonyesha kwamba ushirikiano unawezekana. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi wa kutosha. Kamusi ya namna hiyo hushughulikia dhana. Inayotakiwa sasa ni orodha ya viumbe wenyewe, kuanzia na wale wasiopatikana mahali pengine popote. BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, ina mamlaka ya kusanifisha, na TATAKI, iliyoirithi TUKI mwaka 2009, ina wanafunzi wanaotafuta mada. Kilichobaki ni kuamua kwamba kazi hii inafaa kufanywa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ndege watatu wa njia ya misafara, wa Rubeho, wa Tabora na wa Nkungwe, wamehamishwa kutoka daraja hadi daraja kwa muda mrefu, na kwamba uhamisho huo hauna mwisho unaoonekana. Sayansi haina kosa katika hilo. Kujisahihisha ndiyo kazi yake. Kosa ni la lugha inayongoja sayansi imalize ndipo itaje. Wanaisimu wa Kiswahili hawakungoja ubishi wa lugha na lahaja uishe ndipo waiandike sarufi ya Kimvita au ya Kingazija. Hawana sababu ya kungoja ubishi wa spishi na utanzu uishe ndipo wamtaje kindege anayeishi ndani ya eneo la lugha yao.

Hatua ya kwanza ni ndogo: mtafiti mmoja aende Mahale akiwa na kinasa sauti, awapigie wazee wa Kitongwe sauti za ndege wa msituni, aandike wanachosema, na pale wasiposema kitu aandike hivyo pia. Matokeo yake, hata yakiwa kurasa chache, yatakuwa na faida kwa isimu, kwa elimu ya ndege, na kwa kamati ya kijiji itakayokaa siku moja kuujadili msitu wake.